Fundi Aliyeulaumu Mguu

Jina lake sitalitaja. Si kwa heshima, hata kidogo. Mji mzima wa Mbeya ulimwita Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wachunga mbuzi, na yeye alipenda hivyo. Ukimwita kwa jina la kwao aligeuka polepole, akakutazama toka viatuni hadi kichwani, kisha akaendelea na shughuli yake. Nami nitamwita Fundi, ingawa kila nikilitamka neno hilo ulimi unakuwa mchungu.

Gereji yake ilikuwa uwanja wa udongo na mabati machache, kando ya barabara inayopanda milima kwenda Chunya. Banda langu la chakula lilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nikipika wali, maharage na ndizi za nyama kwa ajili ya madereva, na miaka ile ya hamsini nilishinda na sauti ya mtu huyu masikioni. Mume wangu alikuwa dereva. Aliendesha lori la tajiri mmoja wa Iringa, mtu mwenye asili ya pwani, aliyenunua mchele Madibira na kuupeleka Mbeya, kisha Chunya kwa wachimba dhahabu. Mjue hilo mapema, maana kila ninalolisema juu ya Fundi linaishia hapo. Yeye ndiye aliyemnyang'anya mume wangu usukani.

Kwanza mavazi. Fundi wa magari umemwona: suruali ina mafuta mpaka inasimama yenyewe. Huyu wetu alivaa shati jeupe! Alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na kifuani alichomeka bisibisi tatu, kubwa, ya kati na ndogo, mahali ambapo makarani huchomeka kalamu. Akitaka kuingia chini ya gari alivua shati lile, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti ambacho mtu mwingine hakuruhusiwa kukikalia. Wateja wenye haraka walisimama wakingoja shati likunjwe.

Halafu vita. Alisema alikuwa Burma. Sibishi, waliokwenda walikuwa wengi. Lakini alisimulia jinsi alivyotengeneza gari la mzungu mmoja katikati ya mvua na risasi, na kila aliposimulia, cheo cha yule mzungu kilipanda. Nilipofungua banda alikuwa kapteni. Mwaka uliofuata alikuwa jenerali. Tungekaa kidogo tu angekuwa mfalme mwenyewe, na Fundi amelala chini ya gari la mfalme akiomba spana.

Sasa namna alivyopima magari. Gari likiletwa kwa sababu linasita, yaani ukikanyaga mafuta linavuta, linaacha, linakohoa, linavuta tena, yeye hakumuuliza dereva kitu. Alichukua ile bisibisi kubwa, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Watu wote kimya. Hata mimi na mwiko wangu nilinyamaza, Mungu anisamehe. Kisha alifumbua macho na kusema, "Pampu."

Siku zote pampu! Gari la padre lililetwa likiruka kama mbuzi, waya wa plagi umelegea unaning'inia pale pale mbele ya macho yake, akasema pampu. Gari la bwana shamba lilikuwa na maji ndani ya petroli, yanaonekana wazi kwenye kile kikombe cha kioo kinachochuja petroli, akasema pampu. Alikuwa na mafundisho yake kabisa. "Kuna kusita kwa njaa," alisema akihesabu kwa vidole, "kuna kusita kwa kiburi, na kuna kusita kwa kike." Nilimuuliza siku moja kusita kwa kike ndiyo kupi. Akasema ni pale gari linapokwenda likijisikia na kusimama likijisikia. Nikamwambia basi kwa kike hakuna kusita, kuna kuchoka. Madereva walicheka mpaka wali ukawapalia. Yeye hakucheka, alikula ndizi zake akaondoka.

Tukija kwenye kuchagua pampu ya kubadilisha, hapo ndipo palikuwa pa kumwona. Pampu mpya za dukani alizidharau. Alisema ni za watu wa mabondeni, hazijui milima. Yeye alikuwa na rafu iliyojaa pampu alizozing'oa kwenye magari yaliyokufa, na nyingine za magari ya jeshi. Alizichukua moja moja, akapachika ulimi kwenye tundu la kuvutia, akausukuma ule mkono wa pampu kwa kidole. Ikiwa nzima inanyonya, ulimi unaganda. Basi alikaa pale na pampu inaning'inia ulimini, mikono ameiachia, akitutazama sisi wote kwa zamu ili tuone. Kipimo chenyewe hakikuwa kibaya, mafundi wengine nao walikitumia. Lakini wenzake walipotoa ulimi walitazama pia kama ule mkono wa pampu una urefu sawa na wa zamani, na kama mashimo ya bolti yanakutana. Yeye aliona hayo ni mambo ya watoto. Mkono ukiwa mrefu aliongeza vipande vya boksi la sabuni katikati mpaka pampu ikae. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, petroli ikafurika kwenye kabureta na kutiririka chini, alisema, "Afadhali kushiba."

Nitasema na hili, kwa sababu ni kweli, si kwa sababu napenda kulisema. Alikuwa na kigari chake cha kijani, akikifuta vumbi kila asubuhi. Kigari hicho kilikaa juu ya matofali miaka, hakina pampu, kwa kuwa aliitoa siku moja akamfungia mwalimu mmoja aliyekuwa akimkimbiza mkewe hospitali. Hakumdai wala hakumsimulia mtu. Hebu nielezeni nyie: mtu anayepiga domo kuhusu jenerali asiyekuwepo, jambo jema alilolitenda mbele ya macho yetu analificha. Nimejaribu kumwelewa, nimeshindwa, nimeacha.

Sasa kifuniko. Vifuniko vya tangi vilikuwa vikipotea sana. Vingine viliibwa, vingine viliruka njiani kwa mashimo. Aliyepotelewa alichukua gunzi la mahindi, akalizungushia kitambaa, akaziba tangi, safari ikaendelea. Kwa Fundi hiyo ilikuwa aibu. Kifuniko cha lori letu kilipopotea, alichonga kingine kwa mti wa mninga, siku nzima, amekaa juu ya kile kiti chake kitakatifu. Alikizungushia mpira wa tyubu, juu yake akachonga jogoo mdogo, kishungi na mkia, kizuri kweli. Alikibana kwenye tangi kwa viganja viwili akakipiga na kiatu.

"Mama Tusekile, njoo uone," aliniita. Tusekile ni binti yetu wa kwanza. "Vumbi la Chunya haliingii hapa. Hata hewa haipiti!"

Hata hewa haipiti. Nilimpongeza, mjinga mimi.

Haukupita muda lori likaanza kusita. Kutoka Iringa lilikuja likisuasua, na kwenye mlima wa Chunya ndiyo kabisa: linapanda vizuri, ghafla linavuta na kuacha, linakohoa, linazima. Mume wangu anateremka, utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi. Tajiri alikuwa na tabia ya kuwadhania madereva kwamba wanauza petroli, kwa hiyo kila gari lilipozima mume wangu alifungua tangi mbele ya utingo na kutumbukiza fimbo, apate shahidi kwamba petroli ipo. Akifungua husikia fyuuu. Anapima, anafunga, anapiga stata, gari linawaka na kupanda kama halijawahi kuumwa. Baada ya mwendo kidogo linasita tena.

Alimweleza Fundi yote haya. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea chai.

"Nikifungua tangi linapona," mume wangu alisema. "Kuna upepo unalia pale, Fundi. Kama tangi lina kiu ya hewa."

"Tangi lina kiu ya hewa!" Fundi aligeukia watu. "Mnamsikia? Bwana, dereva kazi yake usukani. Injini niachie mimi."

Akapachika bisibisi sikioni. Pampu. Akabadilisha, gari likasita. Akabadilisha tena kwa pampu ya jeshi, na vipande vya boksi la sabuni, gari likasita na petroli ikamwagika juu yake. Akabadilisha tena. Kila mara alipomaliza alichukua kile kifuniko chake, akamfuta jogoo kwa kitambaa, na kukibana tangini kwa viganja viwili. Mume wangu alianza kurudi nyumbani amekunja uso. Chunya walikuwa wakingoja mchele, tajiri alikuwa anatuma maneno makali kwa kila basi lililotoka Iringa. Mwisho alikuja mwenyewe.

Alipanda mbele, kando ya mume wangu, wakaondoka kwenda Chunya. Hawakufika. Walirudi mchana wakiteremka taratibu, tajiri amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Akaenda moja kwa moja gereji. Madereva waliokuwa wakila kwangu walisimama na sahani zao wakavuka barabara kusikiliza, nami nikawafuata.

"Fundi," tajiri alisema, "gari hii ina nini?"

Angeweza kusema sijui. Neno fupi tu, watoto wanalisema kila siku, hakuna aliyekufa kwa kulisema. Alifunga kifungo cha shati, kile cha shingoni.

"Gari haina kitu," akasema. "Pampu mpya, nimeichagua mwenyewe. Petroli inafika."

"Basi kwa nini inazima?"

Fundi akamtazama mume wangu, akashusha macho polepole mpaka miguuni kwake. "Mguu," akasema. "Kuna madereva mguu wao unasita mlimani. Kwa woga. Anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anaachia. Gari nayo inafanya nini? Inafuata mguu."

Mume wangu alikuwa amepanda mlima ule tangu barabara ikiwa njia ya punda. Watu wote walikuwa wanautazama mguu wake wa kulia, na yeye mwenyewe akautazama. Nilipiga kelele, nilisema maneno mengi, lakini nani anamsikiliza mke wa dereva? Tajiri alinyoosha mkono, mume wangu akampa ufunguo.

Kesho yake nilipika hivyo hivyo, machozi yananidondokea. Lori limeegeshwa gereji linangoja dereva mwingine kutoka Iringa. Fundi, bila haya, alikuja kula. Nikawa nafungua debe jipya la mafuta ya karanga kwa msumari. Alikuwa akinitazama. Ghafla akaacha chakula katikati, akainuka bila kunawa, akavuka barabara. Mtu huyu hakuwahi kubakiza hata mchuzi! Nikasema moyoni, ahaa, aibu imempata. Nilifurahi kidogo.

Asubuhi iliyofuata kelele zilitoka gereji. Kifuniko cha mninga kimeibwa! Fundi alisimama katikati ya barabara na shati lake jeupe akiulaani mji. "Mbeya imejaa wezi! Mtu anachonga kazi ya mikono, wanaiba! Laana iwapate!" Ilibidi waokote gunzi pale pale kwangu, wakalifunga kitambaa, wakaziba tangi. Dereva mpya akafika, kijana mwembamba, akapakia mchele akaondoka.

Lori lilipanda mlima wa Chunya bila kukohoa hata mara moja. Lilishusha mchele, likarudi, likapanda tena. Mji mzima ukasema, mnaona? Ilikuwa mguu. Walimwendea Fundi kumpa mkono, nami niliwaona toka bandani kwangu. Alipokea mikono yote, ila siku hiyo hakusimulia habari za jenerali.

Jina lile baya lilikwenda mbele ya mume wangu barabara nzima. Aliomba kazi Makambako, akaulizwa, "Wewe ndiye yule wa mguu?" Aliomba Tukuyu, wakacheka kabla hajamaliza kuamkia. Tajiri wa mbao alimjaribu, lakini siku hiyo mume wangu mwenyewe alikuwa anautazama mguu badala ya barabara, akalitumbukiza gari mtaroni. Basi tukahamia Uporoto kwa kaka yake, tukalima viazi na pareto. Sikumsikia akilalamika. Ila jioni akikaa jikoni, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu taratibu, unaachia, unakanyaga tena, naye anausikiliza. Lori likipita barabarani alitazama upande wa pili.

Miaka michache kabla ya Uhuru nilikwenda Iringa kumwona Tusekile, aliyekuwa amejifungua. Akaniambia Fundi amehamia huko huko Iringa, anakaa nyuma ya soko, ameacha kazi, anaumwa. Sikutaka kwenda. Lakini mgonjwa ni mgonjwa, na mtu mmekaa jirani miaka ile yote, ukipita bila kumwamkia watu watasema wewe ndiye mbaya. Nikaenda.

Alikuwa amekaa ukutani juani, shati jeupe, vifungo vyote. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba, ameunyoosha juu ya kigoda. Sikucheka. Nilitamani.

"Kamwene, mama," alisema. Kihehe chake kilikuwa kibovu vile vile kama Kinyakyusa chake.

"Kamwene, Fundi. Pole na mguu."

Aliniita ndani akanimiminia chai mwenyewe, akijikokota. Akanisogezea chungu kidogo cha sukari. Nikanyoosha mkono kukifunua, na vidole vyangu vikamgusa jogoo. Kishungi na mkia. Mninga ulikuwa umeng'aa kwa kushikwashikwa, mpira wa tyubu umetolewa. Na katikati, mgongoni kwa jogoo, palikuwa na tundu, limechomwa kwa msumari wa moto, pembeni yake peusi.

"Fundi," nikasema, "hiki si kiliibwa?"

Alipuliza chai yake. Ilikuwa imeshapoa.

"Na hili tundu?"

Alinitazama, akatazama mlango, akaona hakuna wateja wa kugeukia.

"Ulifungua debe la mafuta," akasema. "Siku ile. Ukatoboa tundu moja, mafuta yakagoma kutoka. Ukatoboa la pili yakamwagika. Nikasema, lahaula, lile tangi halina tundu la pili la kuingiza hewa. Nimeliziba mwenyewe."

"Ukajua."

"Nikajua. Nikakichukua, nikakitoboa, nikataka kukirudisha, nikaona watu watauliza tundu ni la nini, nikasema kimeibwa. Gari ikapanda na gunzi, mama, gunzi lenyewe linapitisha hewa. Watu wakaja kunishika mkono. Wakasema, Fundi, ulisema kweli. Sasa hapo ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia kwa tajiri. Alikuwa hajaondoka Mbeya. Ungevuka barabara tu uniambie mimi!"

"Mimi Fundi," akasema, kwa sauti ndogo, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

"Na mume wangu analima viazi."

"Nasikia viazi vya Uporoto ni vizuri sana," akasema.

Naapa ndivyo alivyosema. Nilimwita mwongo, nikamwita mwoga wa kupindukia, nikamwambia mguu uliosita ulikuwa wake na Mungu ameuona. Alikaa akisikiliza, mikono magotini, hakujitetea, na hilo liliniudhi zaidi. Nikachukua kifuniko nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikasimama.

"Mama," akaniita nikiwa mlangoni, "sisimizi wataingia kwenye sukari."

Nikamwambia aweke gunzi.

Nilirudi Uporoto nimekikumbatia kifuniko kile ndani ya basi, nikilia kila kilima tulichopanda. Mume wangu alikuwa jikoni, amepika viazi mwenyewe. Nilikiweka mapajani mwake nikamweleza yote, toka debe la mafuta hadi chungu cha sukari. Alikigeuza, akamgusa jogoo, akaweka mdomo wake kwenye lile tundu akapuliza. Hewa ikapita, nikaisikia.

Kisha akautazama mguu wake wa kulia, ule uliokanyaga sakafu jioni zote hizo. Ulikuwa umetulia.

"Mama Tusekile," akasema, "kwa hiyo mguu ulikuwa mzima?"

Nikamwambia ulikuwa mzima. Akaniuliza tena, nikamwambia tena, na viazi vikaungua motoni bila hata mmoja wetu kuviepua.